Elfu Thelathini Kabla ya Oktoba

Umeuza mbuzi wanne, au zamu yako ya chama imefika, au mtoto aliyeko Nairobi amekukumbuka. Mkononi una shilingi 30,000. Ni Agosti, vumbi limetanda kutoka Mutomo hadi Kathonzweni, na mvua fupi, ambazo sisi wa Ukambani ndizo hasa zinazotulisha, bado hazijafika. Kila mwenye duka ana dawa ya ukame, na dawa yenyewe ni ile ile iliyojaa ghalani kwake. Wa matangi anasema tangi. Wa agroveti anasema mbegu mpya. Wakala wa bima amekuja na kofia za bure.

Makala haya nimemwandikia mwenye elfu thelathini, si mwenye laki tatu. Wa laki tatu akikosea atasikitika. Wa elfu thelathini akikosea atalala njaa.

Neno kuhusu bei. Za Kitui mjini si za Kyuso, na za Agosti si za Januari. Bei ninazotaja humu ni za kupigia hesabu tu. Shika kalamu, futa yangu, andika ya duka lako, uone kama jibu linageuka. Kuna jambo moja halitageuka: kitu cha kiangazi kikinunuliwa katikati ya kiangazi huuzwa kwa bei ya kiangazi, iwe ni nyasi, maji, mahindi au fundi. Ukame haumpi mtu punguzo isipokuwa aliyewahi dukani.

Mifereji kabla ya tangi

Toka nje utazame paa lako. Tuseme ni mabati ya mita za mraba 50, nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Msimu usio mzuri ukitoa milimita 250, paa hilo limepokea lita 12,500. Toa moja ya tano kwa kumwagika na kukauka, zinabaki lita 10,000.

Maji hayo tayari ni yako. Yanaanguka juu ya mabati uliyokwisha kuyalipia, yanateremka, yanachimba mtaro nyuma ya jiko na kwenda zake mtoni. Kisha Februari unamlipa mwenye punda akuletee mengine.

Kwa hiyo swali la kwanza si tangi la lita ngapi. Swali ni: mifereji iko wapi? Nimeona matangi makubwa, mazuri, yamekaa miaka miwili yakinywa maji ya robo ya paa kupitia kipande cha bati kilichofungwa kwa waya, kwa sababu pesa ziliishia kwenye tangi.

Mifereji ya bati hukunjwa na fundi wa jua kali hapo hapo sokoni. Ni rahisi, inatengenezeka, na adui yake ni kutu ya kwenye maungio. Ya plastiki hupendeza na haishiki kutu, lakini ile nyembamba hukaushwa na jua ikavunjika kama biskuti, na kiungo kimoja kikipotea huenda ukakifuata mjini. Kwa mwenye pesa kidogo, mimi nasema bati, tena nene kidogo.

Gharama inayojificha hapa ni ubao wa ukingo wa paa. Nyumba nyingi za kijijini hazina, na fundi hukumbuka kukuambia baada ya wewe kununua mifereji. Muulize kabla: nitahitaji ubao? Vishikilio vingapi? Mteremko utaupimaje? Sentimita moja kwa kila mita inatosha. Fundi anayekisia kwa jicho atakutengenezea dimbwi la mbu juu ya mlango.

Tangi la elfu kumi na saba

Sasa tangi. La plastiki la lita 1,000 tuseme ni shilingi 9,000, yaani shilingi 9 kwa kila lita. La lita 2,000 ni 17,000, yaani 8.50. La lita 5,000 ni 38,000, yaani 7.60. Muuzaji atakuonyesha hesabu hiyo akitabasamu: kubwa ni nafuu. Ni kweli, lakini kwako wewe unafuu huo uko upande wa pili wa mto.

Chukua la lita 2,000 ulifikishe nyumbani. Tangi ni hewa, kwa hiyo mwenye pikapu hukutoza nafasi, si uzito: 2,000. Linataka msingi uliosawazika, maana likikaa juu ya jiwe moja lililochomoza, uzito wa maji utalipasua. Saruji mifuko miwili na fundi, mawe ni yako: 3,000. Mifereji, vishikilio na bomba la kuteremsha: 6,500. Koki na viungo: 800. Jumla 29,300. Tangi la elfu kumi na saba limekula elfu ishirini na tisa na mia tatu, na bado hujanunua mbegu.

Je, linalipa? Lita 2,000 ni mitungi 100. Familia ya watu sita ikitumia lita 30 kwa siku kunywa na kupika, si kufua, tangi lililojaa linafika siku 66. Mvua zikikoma mwishoni mwa Desemba, umesogea hadi mwanzoni mwa Machi. Mtungi ukiwa shilingi 20, kila ujazo umekuokolea 2,000. Ukipanda hadi 50, umeokoa 5,000. Kwa pesa tupu, tangi hilo linajirudisha polepole. Anayepata faida haraka ni yule anayenunua kila mtungi, au yule ambaye mama wa nyumba yake hutumia nusu siku kwenda kisimani na kurudi. Nusu siku hiyo nayo ina bei, ijapokuwa hakuna anayeitolea risiti.

Kwa hiyo hukumu zangu ni mbili. Ukinunua maji yote ya kunywa, tangi lina haki ya kula elfu thelathini. Ukiwa na kisima safi mwendo wa nusu saa, weka mifereji tu mwaka huu, tegea kwenye mapipa ya lita 200 na mitungi uliyo nayo, tangi lisubiri. Mapipa yenyewe uliza yalibeba nini. Yaliyobeba dawa za viwandani au za mashambani hayafai maji ya kunywa hata ukiyasugua mara kumi, na sokoni yanauzwa bega kwa bega na yaliyobeba juisi.

Na tangi la saruji? Kwa ujazo mkubwa ndilo hushinda kwa bei ya lita, mchanga na mawe yapo, na likivuja fundi yeyote anaziba. Plastiki ikipasuka imepasuka. Ila saruji haihami. Aliyepanga nyumba asiijenge. Pia inataka kunyweshwa maji kila siku kwa wiki mbili au tatu baada ya kujengwa, la sivyo hufanya nyufa. Ukiijenga Septemba unanyunyizia maji ya kununua, kwa hiyo ijenge mvua zikiwa zinanyesha. Wenye akili hujenga kwa mwethya, leo kwako, kesho kwa jirani, saruji ikanunuliwa kwa mkupuo mmoja na kuletwa na gari moja.

Shimo lililotandikwa karatasi nene ya plastiki hutoa maji mengi kwa pesa kidogo, lakini usiuziwe karatasi kabla ya kuhesabu ua. Bila ua, mbuzi ataitoboa kwa kwato au mtoto atazama. Bila kivuli, jua la huku hunywa milimita tano au zaidi kwa siku, yaani sentimita 15 kwa mwezi, nawe huna mahali pa kulishtaki. Maji yake ni ya sukuma na mifugo. Kwa elfu thelathini, liache.

Kisima cha kuchimbwa kwa mashine sikitaji kwa mtu mmoja. Unalipia upimaji wa chini ya ardhi, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kila mita inayochimbwa hata ikitoka kavu, na huku kwetu ukipata maji huenda yakawa ya chumvi.

Mbegu: lipia siku, si jina

Paketi ya mbegu ina picha ya hindi kubwa kama mkono wa mtu. Usitazame picha, tafuta idadi ya siku. Mvua fupi zetu zenye nguvu hupita ndani ya wiki chache, na mahindi yanayotaka miezi mitano au sita ni ya Kitale. Ukiyapanda Kibwezi utavuna mabua marefu ya kulisha ng'ombe.

Mahindi ya Katumani yametoka kwenye kituo cha utafiti kilichoko hapa hapa Machakos, yapo tangu miaka ya 1960, na sifa yake ni kukomaa upesi kabla mvua haijakata. Si chotara, kwa hiyo unaweza kuchagua mahindi bora ya katikati ya shamba ukayapanda msimu unaofuata bila hasara kubwa. Chotara za kisasa za ukanda mkavu huzaa zaidi mwaka mzuri, lakini ukipanda tena ulichovuna zinakushusha vibaya, maana yake ni kwamba umejiandikisha kununua paketi kila msimu. Hiyo ndiyo bei ambayo haijaandikwa kwenye paketi. Kama una uhakika wa pesa kila Septemba, sawa. Kama huna, Katumani.

Lakini niseme lile ambalo watu hawapendi kusikia: mahindi huku tunayalima kwa mapenzi. Ndengu hukomaa ndani ya miezi miwili hadi mitatu, hupata mnunuzi wa pesa taslimu, na mbegu yake unaitoa kwenye gunia lako mwenyewe. Kunde utakula majani kabla ya punje. Mbaazi, nzuu zetu, huteremsha mizizi mbali na kuendelea kuzaa wakati mahindi yamekuwa kuni. Mtama aina ya Gadam huvumilia jua na viwanda vya bia huununua, ila ndege nao wanaujua, na anayewafukuza ndege kwa wiki tatu ni nani? Watoto wako shule. Kama ni lazima umlipe mtu, piga hesabu ya mtama upya.

Ningegawa shamba hivi: nusu ndengu na kunde, robo mahindi ya siku chache, robo mbaazi au mtama. Utabiri wa msimu ukisema mvua itakuwa haba, punguza mahindi zaidi. Utabiri huo ni bure. Idara ya Hali ya Hewa huutoa karibu na mwanzo wa Septemba na mkurugenzi wake wa kaunti huuchambua hadi huku chini. Hausemi mvua itanyesha Jumanne. Unasema upande gani una uwezekano mkubwa. La Niña, ile hali ya bahari inayotukatia mvua, ikitajwa, kumbuka 2020 hadi 2022: misimu mitano mfululizo ya mvua mbovu, kaskazini na mashariki mwa nchi.

Ukinunua mbegu, taka paketi iliyofungwa yenye kibandiko cha kukwangua cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu. Unatuma namba inayojitokeza kwa SMS kwenda 1393 na unajibiwa kama mbegu ni halali. Fanya hivyo ukiwa bado umesimama kaunta, kabla ya kulipa. Mwenye duka akinuna, umepata jibu lako mapema. Na ile ya kupimwa kwa gorogoro iliyopakwa rangi, wanayoiita mbegu, mara nyingi ni nafaka iliyovaa nguo ya mbegu.

Mbegu nzuri kwenye shamba lisiloshika maji ni pesa iliyotupwa. Kama matuta yako ya fanya juu yamebomoka, yatengeneze kabla ya kununua hata kilo moja ya mbolea. Dunia nzima wataalamu wa udongo wanayaita hivyo hivyo, fanya juu, kwa Kiswahili chetu, kwa kuwa yalienea kutoka Machakos, nasi tunayaacha yameporomoka huku tukiulizana bei ya mbolea. Mashimo ya kupandia yanayoitwa zai nayo yanashika maji vizuri kuliko shamba lililokwaruzwa tu. Bei yake ni jasho. Ukilipa vibarua kuchimba ekari nzima utashtuka, kwa hiyo anza na robo ekari. Mashimo hayo utayatumia tena msimu ujao, na hilo ndilo linalofanya gharama iwe ya kuvumilika.

Gunia la mia mbili themanini

Hapa ndipo shilingi ndogo inapofanya kazi kubwa kuliko zote, na ndipo watu wanapobana. Mfuko wa kuhifadhi nafaka usiopitisha hewa, ule wenye plastiki mbili ndani na gunia nje, tuseme ni 280. Gunia la kawaida ni 60, na dawa ya kunyunyizia kila baada ya miezi michache labda 150. Msimu wa kwanza tofauti ni shilingi 70 tu. Msimu wa pili mfuko ule ule bado upo, ikiwa hautobolewi na panya, nawe hununui dawa tena. Fukusi na yule dumuzi tuliyembatiza Osama wanakosa hewa na kufa, na unga haunuki sumu.

Hasara yake: panya akitoboa, umebaki na gunia ghali. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Tena haukaushi nafaka. Ukifungia mahindi mabichi ndani, unafungia ukungu. Mwaka 2004, huku huku Makueni na Kitui, sumu ya aflatoksini kwenye mahindi iliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua. Kipimo cha bei nafuu ni chupa kavu ya kioo na chumvi kavu: tia mahindi, tikisa, acha kama dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani.

Na usinunue mahindi ya akiba Agosti. Mavuno ya Kitale na Eldoret huanza kuteremka Oktoba na Novemba, na bei huteremka nayo. Mifuko nunua sasa, mahindi nunua wakati huo.

Ng'ombe wa tatu

Tuseme una ng'ombe watatu. Ng'ombe wa kilo 250 anataka kama kilo sita za nyasi kavu kwa siku. Kwa siku 90 ni kilo 540, marobota 36 ya kilo 15. Leo robota likiwa 250, ni shilingi 9,000 kwa kichwa. Januari mvua zikikosa na robota likiwa 450, ni 16,200. Upande wa pili wa soko, yule ng'ombe anayepata 35,000 leo akiwa amenona, siku hiyo mabroka watakupa 12,000 na kukuambia wamekusaidia.

Hesabu haina huruma: uza mmoja sasa, nyasi za wawili waliobaki zimepatikana, na bado una pesa. Najua mzee wa boma atauliza, kwani tumekuwa maskini tuuze ng'ombe kabla ya shida? Mwonyeshe makaratasi. Kati ya 2020 na 2022 mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa nchini, na mingi ya hiyo ilikuwa na wenyewe waliokuwa wakisubiri mvua wiki moja zaidi.

Usisubiri mbavu za ng'ombe zikuambie. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti kame, bila malipo, nayo hutaja hatua: kawaida, tahadhari, hatari, dharura. Ikiandikwa tahadhari na mwelekeo unazorota, siku hiyo ndiyo ya kwenda mnadani. Ukingoja dharura, utakuta kila mtu yuko hapo na kamba mkononi.

Ukinunua nyasi, pima. Robota lililolegea linaweza kuwa na kilo kumi likauzwa kwa bei ya kumi na tano. Usafiri ugawane na jirani, na chini utandike magogo kwa ajili ya mchwa.

Bima na mkopo

Bima ya mazao au mifugo ya siku hizi haiji kutazama shamba lako. Inatazama kipimo: mvua iliyopimwa na kituo au satelaiti, kijani cha malisho, wastani wa mavuno ya eneo. Ile ya mifugo iliyoanzia Marsabit mwaka 2010 hupima kijani kwa satelaiti. Uzuri wake ni kwamba hakuna mtu wa kuhonga na malipo yanaweza kutoka kabla mnyama hajafa. Ubaya wake ni huu: kipimo kikisema eneo limepata mvua, na mvua hiyo ilikomea ng'ambo ya kilima, hulipwi hata senti.

Muulize wakala mambo matatu, akujibu kwa maandishi. Kipimo kinasoma wapi? Kikishuka hadi ngapi ndipo mnalipa, na mnalipa lini? Msimu ukiwa mzuri, ada yangu inarudi? Jibu la swali la tatu ni hapana, na wakala mwaminifu atasema hivyo. Serikali ilizindua mwaka 2016 mpango wa bima ya mazao uliobeba nusu ya ada. Ulizia ofisi ya kilimo ya wadi kama ruzuku ipo msimu huu kabla ya kulipa ada nzima. Bila ruzuku, na kama bado huna mifereji wala mifuko, bima isubiri. Ikija imefungwa pamoja na mbegu ambazo ungezinunua hata hivyo, ichukue.

Mkopo wa simu wa kununulia vitu hivi sikushauri. Elfu kumi kwa asilimia 8 kwa mwezi, miezi sita hadi uvune, ni riba ya 4,800, bila kuhesabu ada ya kuchelewa na ya kutoa pesa. Ndengu hazizai kwa kasi hiyo. Chama chenu kikikopesha, uliza kama riba inatozwa kwa deni lililobaki au kwa deni lote hadi mwisho. Hapo ndipo wengi huumia.

Pesa zako zilizoko kaunti

Kuna fungu lako lingine ambalo hujalihesabu, ni kodi. Nalo lina mnunuzi wake, na mnunuzi huyo hupenda malori ya maji. Lori la lita 10,000 ni mitungi 500, kwa kijiji cha nyumba mia ni mitungi mitano kila nyumba, imekwisha kabla lori halijafika lami. Kesho linunuliwe tena.

Afadhali pesa hizo zijenge bwawa la mchanga, yaani ukuta wa zege unaokatiza mto wa msimu. Mafuriko yanauletea mchanga, na mchanga uliojaa hushika maji kati ya robo na theluthi moja ya ujazo wake au zaidi, chini kabisa, mbali na jua na mbu. Ukambani yapo ya tangu miaka ya 1950. Kazi ya mikono ikifanywa na mwethya, kaunti inabaki na saruji, chuma na fundi. Linataka mwamba chini, bila mwamba linavuja na hakuna wa kulirudi. Gharama yake ya siri inakuja usiku na lori: wachota mchanga wa kwenda kujengea mijini. Kijiji kinachojenga bwawa bila kukubaliana nani atawazuia hao kimejenga machimbo.

Ukame wa 2008 hadi 2011 ulikadiriwa kuigharimu Kenya dola bilioni 12.1. Baada yake serikali ikatangaza mpango wa kumaliza dharura za ukame ifikapo 2022. Mwaka 2022 ukafika, na ukame ukafika nao. Mpango ulikuwa na mengi mazuri, na mamlaka inayotoa taarifa za kila mwezi ni mojawapo, lakini hauwezi kukuwekea mifereji. Unachoweza ni kwenda kikao cha wadi. Sheria inataka mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka uwe katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, kwa hiyo maoni yako yana maana sasa, si Januari. Nenda na ombi moja tu, lenye mahali na jina la mto.

Zigawe hivi

Anayenunua kila mtungi: tangi la lita 2,000 na vyote vyake, 29,300. Mbegu zitoke kwenye ndengu zako za mwaka jana. Nyasi zitoke kwa ng'ombe utakayemuuza.

Mwenye kisima karibu: mifereji 6,500, mapipa mawili safi 4,000, mbegu 4,000, vibarua wa matuta na mashimo 6,000, mifuko mitano ya nafaka 1,400, marobota ishirini ya nyasi 5,000. Jumla 26,900. Zile 3,100 zilizobaki usimwambie mtu, hata wakala mwenye kofia. Novemba ukipanda na mvua ikakatika siku ya kumi, ndizo zitakazonunua mbegu ya kurudishia.

Kwa vyovyote, anza na fundi wa mifereji. Wiki hii amekaa chini ya mti hana kazi na bei inazungumzika. Likitanda wingu la kwanza la Oktoba, utaambiwa upange foleni.